Mtunzi Aliyetia Sahihi

Jina la mtu ni kitu kidogo ukilitazama. Laandikwa kwa dakika moja chini ya karatasi, wino ukakauka, karatasi ikakunjwa na kutiwa kabatini. Lakini historia yatuonyesha kwamba wako watu waliokataa kuliandika jina lao, wakafa kwa sababu hiyo. Na wako wengine walioliandika upesi, wakajuta siku zote za maisha yao. Juma hili twapenda kuwasimulia wasomaji wetu habari za mtu mmoja aliyeyajua mambo hayo yote mawili. Aliandika kwa ustadi mkubwa juu ya mtakatifu aliyekataa kutia sahihi; na yeye mwenyewe, alipoletewa karatasi, aliitia. Mtu huyo ni Robert Bolt, Mwingereza, mtunzi wa michezo ya kuigiza na ya sinema, aliyefariki mwezi Februari mwaka 1995.

Bolt hakuwa Mkatoliki. Alipokuwa mtu mzima hakujihesabu hata kuwa Mkristo kwa maana kamili ya neno hilo, na hakulificha jambo hilo. Hata hivyo ni watu wachache katika karne iliyopita waliomtangaza Mtakatifu Thomas More kwa mataifa kama alivyomtangaza yeye. Kwa hiyo maisha yake yatuhusu, nayo yana mafundisho kwa kila nyumba yenye kalamu.

Alizaliwa tarehe 15 Agosti 1924, siku ambayo sisi twaadhimisha Kupalizwa Mbinguni kwa Bikira Maria. Mji wake ulikuwa Sale, karibu na Manchester, mji mkubwa wa viwanda kaskazini mwa Uingereza. Baba yake alikuwa na duka dogo la samani, na mama yake alikuwa mwalimu. Wazazi hao walikuwa Wamethodisti, watu wa sala, wa kazi na wa kiasi. Katika nyumba za namna hiyo mtoto hufundishwa mapema kwamba ahadi ni deni, na kwamba deni hulipwa. Bolt aliiacha dini ya wazazi wake, lakini somo hilo la nyumbani halikumwacha.

Alisoma katika shule ya Manchester Grammar, shule yenye sifa kubwa, lakini hakuonekana kuwa kijana wa kutumainiwa. Alipotoka hapo alitiwa katika ofisi ya bima mjini Manchester, akaketi mezani kuandika vitabu vya hesabu, kazi asiyoipenda hata kidogo. Wakati ule Ulaya nzima ilikuwa katika vita. Mwaka 1942 alijiunga na Chama cha Kikomunisti, kama walivyofanya vijana wengi waliochukizwa na umaskini wa wafanyakazi na ukatili wa utawala wa Hitler, wakadhani kwamba huko ndiko haki ilikopatikana. Mwaka uliofuata alipata nafasi katika Chuo Kikuu cha Manchester, lakini kabla hajaendelea sana aliitwa vitani. Alitumika kwanza katika jeshi la anga, halafu katika jeshi la Afrika ya Magharibi, akafika hata Gold Coast, nchi ambayo leo yaitwa Ghana. Vita vilipokwisha alirudi chuoni. Mwaka 1947 alikiacha chama, matumaini yake kwacho yakiwa yamekwisha. Ila hamu ya haki ilibaki moyoni, na swali moja likabaki pamoja nayo: mtu akikosa Mungu, na akikosa chama, atasimama juu ya nini wakati wakubwa wanapomwagiza atende kinyume cha dhamiri yake?

Mwaka 1949 alihitimu katika somo la historia. Katika miaka hiyo alioa. Kisha alijifunza kazi ya ualimu katika Chuo Kikuu cha Exeter, akapelekwa kufundisha katika kijiji cha Bishopsteignton, kusini mwa nchi. Ni huko kijijini, si katika jiji la London, ambako kipaji chake kilifunuliwa. Noeli ilipokaribia, watoto wa shule walihitaji mchezo wa Kuzaliwa kwa Bwana, na mwalimu Bolt akaombwa autunge. Alipokuwa akiuandika alitambua kwamba kazi hiyo ndiyo aliyokuwa akiitafuta bila kuijua. Twaona ajabu ya Maongozi ya Mungu: mtu asiyesadiki Umwilisho aliona wito wake katika maisha alipokuwa akiwatungia watoto habari za hori la Bethlehemu.

Tangu hapo hakuacha kuandika. Alihamia shule ya Millfield, akaendelea kufundisha, na nje ya saa za darasani akawa akitunga michezo ya kusikilizwa katika redio ya Uingereza, BBC. Redio ni shule ngumu kwa mtunzi. Msikilizaji haoni mavazi wala mapambo ya jukwaa, asikia maneno tu. Neno likiwa tupu, mara moja hujulikana kuwa ni tupu. Katika shule hiyo Bolt alijifunza kuandika mazungumzo ambamo kila neno lina kazi yake.

Mwezi Novemba mwaka 1957 mchezo wake uitwao Flowering Cherry uliigizwa London, na waigizaji wawili wenye sifa kubwa, Ralph Richardson na Celia Johnson, waliushika. Ni habari za mtu wa ofisi ya bima, kama alivyokuwa mtunzi mwenyewe zamani, ambaye kila siku huota kuiacha kazi yake na kwenda kulima bustani ya matofaa. Husema, hujisifu, hupiga picha ya shamba lake moyoni. Lakini mlango unapofunguliwa, aogopa kuupita. Watu walijazana kuutazama, maana wengi walijiona humo. Mwaka 1958 Bolt aliiacha shule, akawa mtunzi na kuishi kwa kalamu yake. Huyu alikuwa amekwisha kuupita mlango ambao mtu wake wa bima aliuogopa.

Sasa twafika kwenye kazi iliyolikuza jina lake. Wasomaji wanamjua Mtakatifu Thomas More. Alikuwa mwanasheria, mtaalamu, baba wa watoto, na rafiki wa Mfalme Henry VIII. Mwaka 1529 mfalme alimfanya Chansela, cheo kikubwa kabisa cha serikali. Mfalme alipotaka kumwacha mkewe halali, Katarina, ili amwoe Anne Boleyn, na Baba Mtakatifu asipokubali kuivunja ndoa, Henry alijitenga na Roma. More alijiuzulu mwaka 1532, akanyamaza, akitumaini kwamba sheria ingemlinda mtu anyamazaye. Mwaka 1534 Bunge lilitoa sheria ya kiapo. Maaskofu wa Uingereza karibu wote waliapa, na wakubwa wa nchi vilevile. More alikataa, akafungwa katika ngome ya London zaidi ya mwaka mzima. Alihukumiwa kwa ushahidi wa uongo wa kijana mmoja mpenda vyeo aliyeitwa Richard Rich, akakatwa kichwa tarehe 6 Julai 1535. Papa Pio XI alimtangaza mtakatifu mwaka 1935, pamoja na Askofu John Fisher. Na mwaka 2000 Papa Yohane Paulo II alimweka kuwa msimamizi wa viongozi wa serikali na watu wa siasa.

Habari hizi Bolt alizitungia mchezo wa redio mwaka 1954, kisha wa televisheni mwaka 1957, na mwishowe akazifanyiza upya kwa ajili ya jukwaa. Mchezo huo waitwa A Man for All Seasons, yaani mtu wa majira yote, jina ambalo mtaalamu mmoja wa zama za More alimpa More mwenyewe. Uliigizwa mara ya kwanza katika jukwaa la Globe, London, tarehe 1 Julai 1960, tarehe ileile ambayo More alisimamishwa mahakamani miaka 425 kabla. Paul Scofield ndiye aliyekuwa More. Mwaka uliofuata ulivuka bahari hadi New York, ukaigizwa mara 637, na mwaka 1962 ukapata tuzo ya Tony kwa kuwa mchezo bora.

Ni nini kilichowavuta watu? Bolt hakumfanya More kuwa sanamu ya kanisani. Alimwonyesha kuwa mtu apendaye maisha, apendaye mkewe na watoto, mwenye mzaha na mwenye hofu, ambaye atumia kila hila halali ya sheria ili asife. Si mtu akimbiliaye kifo. Lakini yako mahali katika nafsi yake ambapo hasogei, na maadui wake, wakimsukuma hatua kwa hatua, hatimaye wapafikia mahali hapo, wakakuta mwamba. Kwa maoni ya Bolt, mtu aapaye ajiweka yeye mwenyewe kuwa rehani. Akiapa uongo, amejitupa mwenyewe, wala hatajiokota tena. Hapa yatupasa kusema neno moja la kusahihisha. More wa Bolt asimama zaidi juu ya nafsi yake. More wa kweli alisimama juu ya Mungu, na juu ya umoja wa Kanisa alioufia. Bolt aliona mwamba, wala hakuona vyema mwamba huo wakaa juu ya nini. Hata hivyo alichokiona alikiona sawasawa, na alikisema kwa uaminifu.

Kuna mtu mwingine katika mchezo huo ambaye twamwona kuwa wa maana sana. Mtunzi amwita mtu wa kawaida. Huyu aonekana mara kuwa mtumishi wa nyumba, mara mpiga makasia, mara mlinzi wa gereza, na mwisho ndiye ashikaye shoka. Si mwovu. Hamchukii More, la, ampenda. Ila kila mara ana sababu ndogo ya kutojiingiza: mshahara, familia, amri ya wakubwa, usalama wake. Kwa sababu ndogondogo hizo hufika mpaka kukikata kichwa cha mtu mwema. Bolt alitaka watazamaji wajue kwamba mtu huyo ndio wao.

Mwezi Agosti mwaka huohuo wa 1960, katika jukwaa la jirani, mchezo mwingine wa Bolt ulianza kuigizwa, jina lake The Tiger and the Horse. Humo yumo mtaalamu wa chuo kikuu atazamiaye cheo kikubwa zaidi. Inazungushwa karatasi ya kuipinga silaha ya atomiki. Mkewe ataka kuitia sahihi, lakini ajua kwamba sahihi yake yaweza kumharibia mumewe cheo chake. Kwa hiyo, wasomaji, jioni moja katika barabara moja ya London yaliigizwa mambo mawili ya mtunzi mmoja, na yote mawili yaliuliza swali moja: mtu aandike jina lake, au asiliandike?

Swali hilo lilimrudia mtunzi kabla mwaka mmoja na nusu haujapita.

Wakati ule mataifa makubwa yalikuwa yakishindana kwa mabomu ya atomiki, na watu wengi wa Uingereza waliogopa maangamizi. Bolt alijiunga na Kamati ya Watu 100, iliyokuwa ikiongozwa na mwanafalsafa mzee Bertrand Russell, mwenye umri wa miaka 89. Kamati iliwaita watu wakusanyike kwa amani katikati ya London mwezi Septemba 1961, waketi chini, wakubali kukamatwa. Serikali iliwatangulia. Kwa sheria ya kale ya mwaka 1361, tarehe 12 Septemba viongozi wa kamati waliletwa mahakamani, wakaambiwa waahidi kwamba kwa mwaka mmoja hawatavunja utulivu. Aliyeahidi angekwenda zake nyumbani. Wengi wao walikataa, na Bolt akiwa mmoja wao. Alihukumiwa kifungo cha mwezi mmoja.

Hapo sinema iliingia. Tajiri mmoja wa filamu, Sam Spiegel, alikuwa akitengeneza filamu kubwa ya Lawrence of Arabia pamoja na mwongozaji David Lean. Maandishi ya kwanza yalikuwa yameandikwa na Mmarekani Michael Wilson, lakini Lean hakuridhika nayo, na Bolt alikuwa ameitwa kwa wiki chache ayarekebishe mazungumzo. Wiki zikawa miezi, na kazi ikawa yake. Picha zilikuwa zimeanza kupigwa katika jangwa la Jordani tangu mwezi Mei, na sehemu ya pili ilikuwa haijaandikwa bado. Mwandishi akawa gerezani, na gerezani hawezi kuandika. Kila siku iliyopita iligharimu fedha nyingi.

Spiegel alikwenda gerezani mwenyewe. Alimweleza Bolt kwamba kazi yote itasimama, kwamba watu wengi wanaoitegemea watakosa riziki, kwamba ukaidi wake utawaadhibu wengine wasio na hatia. Ahadi yenyewe ilikuwa maneno machache tu. Bolt alikuwa amekwisha kukaa kifungoni wiki mbili. Alitia sahihi, akatoka. Mtunzi mwenzake, Arnold Wesker, alibaki akaumaliza mwezi wake.

Twaomba msomaji alitazame jambo hili vizuri, maana ndilo kiini cha habari yetu. Maneno aliyoambiwa Bolt hayakuwa mageni kwake. Aliyaandika yeye mwenyewe. Katika mchezo wake marafiki wa More wamwomba aapishwe kwa ajili ya urafiki. Bintiye Margaret aingia gerezani kumwomba aape kwa maneno matupu na kuwaza kingine moyoni. Mkewe aeleza taabu ya nyumbani. Kila hoja hiyo Bolt alikuwa amekwisha kuipatia jibu, akamtia More jibu kinywani, na mwezi Novemba mwaka huohuo watu wangeanza kuyasikia majibu hayo jukwaani New York. Lakini zamu yake ilipofika, majibu hayakumsaidia. Wazee wetu husema mganga hajigangi.

Je, tumhukumu? Wako watakaosema kwamba alitenda vema, maana riziki za watu si jambo la mchezo, na ahadi ya kutovunja utulivu si kumkana Mungu. Twakubali kwamba kesi yake si sawa na ya More. Mkristo mwema aweza kuwa na mawazo mbalimbali juu ya Kamati ya Watu 100 na njia zake. Lakini Bolt mwenyewe hakujipa udhuru huo. Alikuwa ameahidi mbele ya wenzake kwamba hataahidi mbele ya hakimu, naye akaahidi. Alijuta kwa ajili hiyo maisha yake yote, akaona kwamba siku ile alikuwa amepoteza kitu ambacho hakirudi. Mtu ajutaye namna hiyo amekwisha kujihukumu kwa haki kuliko tuwezavyo sisi.

Tena liko jambo la kutisha katika udogo wa bei yenyewe. More aliombwa kichwa chake. Bolt aliombwa wiki mbili. Twadhani kwamba penye kichwa ndipo penye jaribu kubwa, lakini si hivyo sikuzote. Mbele ya shoka mtu huamka, hujiuliza yeye ni nani, huita msaada wa Mungu. Mbele ya wiki mbili hulala usingizi. Petro hakumkana Bwana mbele ya Pilato. Alimkana uani, penye moto wa makaa, mbele ya kijakazi.

Lawrence of Arabia ilitoka mwezi Desemba 1962, ikapata tuzo 7 za Oscar. Jina la Michael Wilson, aliyeandika maandishi ya kwanza, halikuwekwa kwenye filamu hiyo. Huyu Wilson alikuwa amefungiwa kazi nchini Marekani tangu mwaka 1951, kwa sababu alikataa kuijibu kamati ya Bunge iliyokuwa ikiwasaka wakomunisti. Basi katika filamu hiyo moja walikutana watu wawili: mmoja alikataa kusema, akakosa jina lake, mwingine alikubali kuandika jina lake, likaandikwa mbele ya dunia nzima. Wilson alifariki mwaka 1978. Mwaka 1995 ndipo chama cha waandishi wa sinema cha Marekani kilipoamua kwamba jina lake liwekwe pamoja na la Bolt.

Baada ya hapo mafanikio yalimiminika. Bolt aliandika filamu ya Doctor Zhivago kutokana na kitabu cha Mrusi Boris Pasternak, ambaye mwaka 1958 alilazimishwa na serikali yake kuikataa tuzo ya Nobel. Filamu ilitoka mwaka 1965, ikampatia Bolt tuzo ya Oscar. Mwaka 1966 ulitoka mchezo wake wa More katika sinema, ukiongozwa na Fred Zinnemann, na Scofield akiwa More tena. Filamu hiyo ilipata tuzo 6 za Oscar, pamoja na ile ya filamu bora ya mwaka, na Bolt akapata tuzo yake ya pili mfululizo. Katika filamu hiyo yule mtu wa kawaida aliondolewa. Twasikitika kidogo kwa jambo hilo, maana pamoja naye iliondoka sehemu ya kioo.

Nyumbani mwake hamkuwa na utulivu kama huo. Ndoa yake ya kwanza, iliyompa watoto watatu, ilivunjwa mwaka 1963. Mwaka 1967 alimwoa mwigizaji Sarah Miles, wakapata mtoto wa kiume, na mwaka 1976 wakaachana. Baadaye alioa mke mwingine, nako hakukudumu. Aliyeandika juu ya mfalme aliyeigawa nchi nzima kwa sababu ya talaka alionja uchungu wa talaka mara zaidi ya moja. Hatusemi hayo kwa kumdhihaki, bali kwa sababu maisha ya mtu hayasimuliwi kwa nusu.

Kazi nayo ilipanda na kushuka. Mwaka 1970 alitoa mchezo juu ya malkia wawili, Elizabeth wa Uingereza na Mary wa Scotland. Mwaka 1972 aliongoza filamu mwenyewe. Mwaka 1977 jukwaa la taifa la Uingereza liliigiza mchezo wake juu ya Lenin, akiyapima matumaini ya ujana wake mwenyewe. Kisha, mwaka 1979, moyo wake uliugua, na kiharusi kikampiga. Upande mmoja wa mwili ulipooza. Na yeye aliyeishi kwa maneno akapokonywa maneno. Alianza upya kama mtoto, akilitafuta neno moja, halafu la pili. Mtu mwingine angeiweka kalamu chini, na hakuna ambaye angemlaumu. Bolt hakuiweka. Mwaka 1988 Sarah Miles alirudiana naye wakafunga ndoa tena, naye akamwuguza mpaka mwisho. Mwaka 1991 ilionyeshwa filamu yake ya televisheni juu ya James Brady, msemaji wa Rais Reagan, ambaye mwaka 1981 alipigwa risasi kichwani na kulazimika kujifunza upya kusema na kutembea. Mwandishi aliijua njia hiyo, kila hatua yake.

Lakini kazi iliyo kubwa katika miaka hiyo ni The Mission, iliyotoka mwaka 1986 ikiongozwa na Roland Joffé, na kupata tuzo kuu ya Cannes. Bolt alikuwa ameianza miaka mingi kabla, lakini fedha za kuitengeneza zilikawia kupatikana. Yasimulia habari za Wajezuiti waliowakusanya Waguarani wa Amerika ya Kusini katika vijiji vya sala na kazi, wakiwakinga na wafanya biashara ya watumwa. Mwaka 1750, kwa Mkataba wa Madrid, Hispania iliipa Ureno nchi yenye vijiji saba kati ya hivyo, na watu wakaamriwa kuhama. Waliokataa walipigwa vita. Katika filamu Wajezuiti wawili wakataa kuwaacha watu wao. Mmoja ashika upanga, mwingine abeba Sakramenti Kuu mbele ya bunduki. Wote wawili wafa. Mshauri wa filamu, aliyeonekana pia humo kwa sehemu ndogo, alikuwa Padre Daniel Berrigan, Mjezuiti wa Marekani, ambaye naye aliwahi kufungwa kwa kuipinga vita ya Vietnam.

Humo yumo mtu wa tatu, mwakilishi wa Kanisa aliyetumwa kutoka Ulaya ili akate shauri. Aviona vijiji, asikia nyimbo za Waguarani, atambua kwamba mbele yake ni kazi ya Mungu. Na hata hivyo aidhinisha ifutwe, akidhani kwamba kwa njia hiyo aliokoa jambo kubwa zaidi. Kisha aandika barua kwa Baba Mtakatifu, na moyo wake hauna raha. Bolt angaliweza kumfanya mtu huyo kuwa Yuda. Hakufanya hivyo. Alimwandika kwa huruma na kwa ukali pamoja, kama mtu ajuaye uzito wa mkono uliokwisha kukubali. Hakuweza kumwandika hivyo mwaka 1960. Mtunzi wa 1960 alimjua akataaye. Mtunzi wa The Mission alimjua akubaliye pia, na usiku unaofuata.

Robert Bolt alifariki katika Hampshire, kusini mwa Uingereza, akiwa na umri wa miaka 70. Mwaka huohuo wa 1995 sinema ilitimiza miaka 100, na Vatikano ikatoa orodha ya filamu 45 zilizostahili kukumbukwa. Katika fungu la filamu za dini ziliwekwa 15 tu. Mbili kati yake, A Man for All Seasons na The Mission, ziliandikwa na mtu huyu ambaye hakuwa na imani yetu.

Wazazi wengi hawataombwa vichwa vyao, wala watoto wao. Wataombwa vitu vidogo. Karani ataombwa atie sahihi kwamba mifuko 100 ya saruji imepokewa, hali imepokewa 80. Mwalimu ataombwa aandike alama ambazo mtoto hakuzipata. Jirani ataombwa awe shahidi wa mpaka wa shamba ambao hakuuona ukipimwa. Na kila mmoja ataletewa sababu njema: riziki, familia, udugu, kuepusha fujo. Siku hiyo haitakuwa na shoka wala mahakama. Kutakuwa na kalamu tu, na mtu mwenye haraka asubiriye.

Twashauri basi kwamba, filamu hizi zikionyeshwa parokiani au nyumbani, watoto wasiachwe kutawanyika mara tu zinapokwisha. Waulizwe kwanza ni nani kati ya wale waliowaona aliyefanana nao: More, au Rich, au mkubwa yule mwenye barua, au mlinzi wa gereza. Na wale watakaojiona katika aliyekataa, wasimuliwe habari za mtunzi mwenyewe, ili wasijiamini mno, wakaombe neema mapema, kabla karatasi haijafika mezani.